Fedha Ndogo za Kupeleka Habari: Historia Fupi ya Mwananchi na Bajeti ya Halmashauri

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzangu wameeleza habari za mizani, maghala na bei ya tumbaku. Mimi nimepewa sehemu ambayo huenda msomaji akaiona iko mbali na shamba, nayo ni bajeti ya Halmashauri, na jinsi wananchi walivyopata, wakapoteza, na kupata tena nafasi ya kusema juu yake. Haiko mbali hata kidogo. Kila mara tumbaku yetu inapouzwa, ushuru wa mazao huingia katika hazina ya Halmashauri. Kwa sheria mlipaji ni mnunuzi. Lakini mnunuzi naye hupiga hesabu zake kabla ya kutaja bei, na sote twajua hesabu hiyo huishia mgongoni mwa nani. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka 5 kwa mia hadi 3 kwa mia kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mia kwa mazao ya chakula. Mkulima anayeuliza fedha hizo zimejenga nini anauliza habari za mali aliyoichangia mwenyewe.

Wakati wa Waingereza swali hilo halikuwa na mahali pa kuulizwa. Sheria ya mwaka 1926, iliyotungwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi mabaraza na hazina zao, na kodi ikakusanywa kwa bidii. Lakini makadirio ya hazina yalimngoja Bwana Shauri, wala hayakumngoja mlipa kodi. Hapa kwetu mgodi wa madini ya risasi wa Uruwira ulivuta reli kutoka Kaliua hadi Mpanda. Mji ukakua kandokando ya reli hiyo pasipo mtu kuitwa barazani kuulizwa ukueje. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilianza kufungua mlango wa mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa, ila mlango ulifunguka polepole.

Baada ya Uhuru lilifanyika jambo ambalo vijana wengi hawalijui, nami nalipenda kuliko mengine yote katika historia hii. Mwaka 1969, Mpango wa Pili wa Miaka Mitano ulipotolewa, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa masomo kwa redio yaliyoitwa «Kupanga ni Kuchagua». Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu chenye maneno mepesi, kisha wakajadiliana. Mwaka 1973 njia hiyo hiyo ilitumika katika kampeni ya «Mtu ni Afya», iliyofikia watu wapatao milioni 2, kwa msaada wa fedha kutoka Sweden. Yafaa tuangalie gharama zilikuwa za nini. Zilikuwa za vijitabu, za kuwafundisha viongozi wa vikundi, na za kufikisha vifaa mahali ambapo lori halifiki kwa urahisi. Choo kilichimbwa na mwenye nyumba mwenyewe. Fedha ilihitajika ili apate habari.

Basi ajabu ni hii, kwamba wakati watu wanajifunza kujadili mpango wa Taifa, baraza lao la karibu liliondolewa. Mwaka 1972, chini ya utaratibu wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zao zikashikwa na maofisa wa Serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Wazee wetu wakabaki na elimu ya kupanga, ilhali chombo cha kupangia hakipo. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, na mwaka huo huo sheria ya kurudisha ushirika. Halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kwa hiyo Halmashauri na Ushirika ni ndugu wa tumbo moja: walizikwa karibu wakati mmoja, wakafufuliwa kwa sheria za mwaka mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Watu wa kijiji walikaa kwa muda wa siku 9 na wawezeshaji, wakaeleza walicho nacho na kinachowazuia, wakaandika mpango. Ulikuwa utaratibu mzuri, lakini aghalabu mipango hiyo iligeuka kuwa orodha ndefu za maombi, kwa sababu waliopanga hawakuambiwa kiasi cha fedha kilichopo. Mtu asiyejua mfuko una shilingi ngapi hawezi kuchagua kati ya zahanati na kisima. Ataomba vyote viwili, na daraja juu yake. Tena mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima aliijua kwa uchungu, ilifutwa. Tulifurahi sote. Lakini ilipoondoka, lile swali la «kodi yangu imefanya nini?» likapungua makali, na ushuru wa mazao, unaokatwa kimya kimya, haukuliamsha.

Wenzetu wa Uganda walilionja jambo hili kwa namna nyingine. Uchunguzi wa shule za msingi ulionyesha kwamba, kati ya mwaka 1991 na 1995, ni wastani wa 13 kwa mia tu ya ruzuku ya wanafunzi iliyofika shuleni. Serikali yao ikaanza kutangaza viwango vya ruzuku magazetini na kuvibandika ukutani shuleni, na katika miaka iliyofuata fungu lililofika likaongezeka sana. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha ongezeko hilo kilitokana na magazeti. Mimi nasema gharama ya karatasi na gundi ilikuwa ndogo mno hata ubishi huo hautuzuii kuiga.

Kwetu Tanzania kazi ya namna hiyo ilifanywa zaidi na vyama vya hiari. Taasisi ya Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilitoa ruzuku kubwa na ndogo kwa asasi za mikoani, na baadhi ya ruzuku hizo zilikuwa za kuwafundisha wananchi kufuatilia matumizi ya fedha za umma. Kwa ruzuku ndogo asasi hukodi kipaza sauti, hurudufu makadirio ya kata, hulipa nauli ya wajumbe wa kamati ya ufuatiliaji, na huwapikia chai waliokaa mkutanoni tangu asubuhi. Wapo waliozila fedha hizo kwa semina za hotelini na posho, jambo hilo halifichiki. Lakini kasoro kubwa zaidi iko katika asili ya fedha yenyewe: ina tarehe ya mwisho. Mradi ukiisha, kipaza sauti hurudishwa kwa mwenyewe, na mwaka unaofuata bajeti husomwa tena ikiwa kitabu kinene cha mafungu na kasma ambazo hata mimi niliyemaliza sekondari huzifuata kwa kidole.

Waliofanikiwa kudumu hawakungoja mfadhili. Mji wa Porto Alegre, Brazili, ulipoanza mwaka 1989 kuwaita wakazi wa kila eneo kupanga bajeti, gharama za mikutano zilikuwa kazi ya mji wenyewe. Nchini Kenya kaunti ya Makueni ilijenga kamati kuanzia kijijini kwenda juu. Nasi wana ushirika tuna mfano wa zamani kuliko hiyo: waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, baadaye walitenga 2½ kwa mia ya ziada yao kwa elimu ya wanachama, nao walikuwa mafundi maskini wa kufuma nguo.

Tangu Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012 hatuendi tena Sumbawanga kutafuta ofisi ya mkoa. Njia imekuwa fupi, ila kalenda bado inatushinda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwongozo wa bajeti hutoka kuelekea mwisho wa mwaka, na mapendekezo ya mitaa na kata hupaswa kuwa tayari kabla Baraza la Madiwani halijakaa kupitisha makadirio, Januari au Februari. Huo ndio wakati mvua zimeshika, na miche ya tumbaku inatolewa kitaluni kupandwa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa Makanyagio mchana wa Desemba utawakuta wenye maduka na mafundi, ambao hatuwaonei wivu. Lakini wakulima wako mashambani. Hapana budi habari iwafuate huko kabla ya mvua, mwezi Septemba au Oktoba, ikiwa imeandikwa ukurasa mmoja: ushuru uliopatikana mwaka uliopita, kilichojengwa, kilichobaki. Shauri la kutenga sehemu ya fungu letu la elimu ya wanachama kwa kazi hii litaletwa mbele ya mkutano mkuu, pamoja na hesabu ya petroli ya pikipiki, karatasi na chai.