Injini Tuliyoichagua kwa Kura

Ndugu Mhariri ameniomba niandike historia ya Klabu ya Sayansi ya wakati wetu. Wenzangu wa miaka ile wanajua kuwa historia ya klabu hiyo ni historia ya injini moja tu, na wanajua ni nani aliyeichagua. Nitaieleza bila kujificha, kwa sababu katika mkutano wetu wa mwaka jana wanafunzi wa sasa walituomba tuwachangie injini ya kidege cha mfano kinachoongozwa kwa redio, nasi wazee tuliokaa mstari wa mbele tukaanza kubishana vile vile kama mwaka 1982.

Ugomvi wa injini na hewa ya nchi hii haukuanza na sisi. Mwishoni mwa mwaka 1914 Waingereza walikuwa wakiisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Walimkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege ya maji aina ya Curtiss. Joto la pwani liliishinda radieta yake, ikabidi ifuatwe nyingine Mombasa, nayo ilikuwa ya gari la Ford! Cutler aliiona manowari, lakini mwezi Desemba injini ilimharibikia, akatekwa. Februari 1915 zikaletwa ndege mbili za Sopwith, zenye injini za Gnome za nguvu za farasi 100. Kwa hesabu za Uingereza nguvu hizo zilitosha. Kisiwani Niororo, karibu na Mafia, zikashindwa kupaa na mzigo wa mabomu. Ndugu msomaji, hewa ya joto ni nyepesi: injini huvuta oksijeni kidogo, pangaboi hukosa cha kushika, na bawa nalo huinua kidogo. Ilibidi zije ndege za aina nyingine Aprili, na nyingine tena Juni, ndipo tarehe 11 Julai 1915 manowari ikaangamizwa, huku rubani Cull na mwangalizi wake Arnold wakielekeza mizinga kwa simu ya upepo kutoka angani hadi ndege yao ilipopigwa, wakaishusha mtoni.

Hiyo ilikuwa pwani, usawa wa bahari. Huku kwetu Wabelgiji walioingia Biharamulo Juni 1916 walikuja kwa miguu. Ndege zao nne za maji zilikuwa Ziwa Tanganyika. Ziwa Victoria, ambalo ni bondeni kwetu, liko mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vya Ngara hufika mita 1,800. Katika kimo hicho hewa imepungua uzito kwa asilimia 16 hivi, kabla hata hujahesabu joto la mchana. Mimi nilikuwa na alama nzuri za fizikia, na jambo hili nilikuwa nalijua. Sikulifikiria.

Tulikuwa na redio ya njia mbili, aliyotuachia mwalimu mmoja wa fizikia aliporudi kwao: njia moja ya usukani, nyingine ya mkia. Kidege tulikiunda wenyewe kwa mianzi, karatasi na vijiti vya mafunjo kutoka bonde la Ruvubu. Injini ndiyo iliyokosekana. Miaka ile fedha za kigeni zilikuwa hadithi, lakini padri mmoja aliyekuwa akienda likizo Ulaya alikubali kutununulia, nasi tumlipe kwa maharage ya shamba la klabu, magunia mawili. Alituachia katalogi tuchague.

Zilibaki injini mbili. Moja ilikuwa dizeli ndogo ya sentimita za ujazo 2.5. Aina hiyo, iliyoanza kuenea miaka ya 1940, haina plagi wala betri: hugandamiza mchanganyiko mpaka unawaka wenyewe. Mafuta yake ni etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo, takriban theluthi kwa theluthi. Ya pili ilikuwa ya plagi ya kuwaka, uvumbuzi wa Mmarekani Ray Arden uliotoka mwaka 1947. Waya wa plagi ukishapashwa na betri, huendelea kuwa mwekundu kwa nguvu ya methanoli inayoungua. Hiyo ilikuwa ya sentimita za ujazo 3.5, na katalogi iliipa nguvu mara mbili ya mwenzake.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akitunza ufunguo wa stoo ya maabara, alisimama akasema maneno machache: "Etha ipo stoo. Mafuta ya taa yapo dukani. Minyonyo imejaa nyuma ya mabweni. Hiyo methanoli iko wapi?" Mimi nilikuwa mwenyekiti. Nikamjibu kwamba anafikiri kama mlinda stoo. Watu walicheka, tukapiga kura, na dizeli ikapata kura mbili.

Injini ilifika Januari, inang'aa kama pete. Kutafuta methanoli kulituchukua muhula mzima. Kijana mmoja alishauri tujaribu gongo, na usiku mmoja bweni likanuka kiasi cha kumwamsha mwalimu wa zamu. Gongo ni ethanoli yenye maji, na waya wa plagi hauipendi. Viboko vyake sitavieleza. Hatimaye ilipatikana chupa ya nusu lita. Tukaipima kama dawa ya mtoto, tukachanganya na nyonyo, na injini ikalia juu ya benchi kwa dakika saba. Shule nzima ilitoka madarasani.

Jumamosi kidege kilikimbia uwanja wa mpira mara tatu, kutoka goli hadi goli, na hakikunyanyuka hata shibiri moja. Pangaboi lilikuwa lile lililokuja na injini, fupi na lenye mshazari mkali, la watu wa usawa wa bahari. Lingekuwa refu zaidi na lenye mshazari mdogo, huenda lingeshika hewa yetu nyembamba. Mara ya nne mafuta yalikwisha. Mwenye ufunguo wa stoo alikibeba kidege, akakirudisha maabara bila kusema neno. Mwaka uliofuata alihamia shule nyingine, nami sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa na haki. Namwambia leo, kama jarida hili litamfikia.

Sasa kwa vijana wetu. Injini ya mafuta ina sauti inayosisimua, sikatai, lakini swali la stoo bado lipo: methanoli mtaipata wapi, na ni nani atakayeilinda, maana ni sumu inayopofusha macho? Etha nayo hulipuka kwa cheche moja. Nawashauri mchukue mota ya umeme. Si jambo geni: Kanali Taplin wa Uingereza alirusha kidege cha umeme kwa redio mwaka 1957, ila betri za siku zile zilikuwa nzito na ghali. Betri za lithiamu zimebadilisha hesabu. Mota haivuti pumzi, kwa hiyo vilima vya Ngara haviipunguzii nguvu. Pangaboi na bawa ndivyo vitakavyoona upungufu. Kwa kidege cha kujifunzia hesabuni wati 200 kwa kila kilo. Mimi ningeongeza hadi 250 kwa sababu ya kimo, pamoja na bawa pana kidogo. Pimeni uzito kidege kikiwa kamili, betri ikiwa ndani, ndipo mfungue katalogi. Na kabla ya kurusha, ulizeni masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Injini ile ninayo hadi leo. Nimeitia mafuta ya nyonyo, na pangaboi linazunguka kwa kidole. Nitakuja nayo kwenye mkutano. Mwenye kutaka kuifungua aje na bisibisi ndogo.