Waliohesabiwa na Wasiopimwa: Korona na Wajawazito wa Kitui na Makueni

Taarifa za kila siku za Wizara ya Afya, zilizotolewa tangu mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, zilizoea kutanguliza Nairobi. Kaunti za Kitui na Makueni, huko Ukambani, zilitajwa mwishoni mwishoni, mara nyingi kwa wagonjwa wachache tu. Hesabu hizo zilizaa dhana ambayo bado inasikika katika mijadala ya afya ya uzazi: kwamba madhara yaliyowapata wajawazito wa Ukambani yaliletwa na kafyu, mgomo na hofu ya hospitali, wala si na virusi vyenyewe. Nusu ya kwanza ya dhana hiyo naikubali. Nusu ya pili ni hukumu iliyotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa, kwa maana wajawazito walio wengi hawakupimwa.

Ushahidi uliopatikana penye vipimo hauna utata mwingi. Utafiti wa INTERCOVID, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha wajawazito 706 wenye maambukizi na wenzao 1,424 wasio nayo katika nchi 18. Walioambukizwa walipata kifafa cha mimba na dalili zake za awali zaidi, walijifungua watoto njiti zaidi, na hatari yao ya kufa ilikuwa mara 22. Kiwango hiki cha mwisho kisomwe kwa tahadhari, kwa sababu vifo vyenyewe vilikuwa vichache. Karibu na nyumbani, mtandao wa AFREhealth ulifuatilia wanawake 1,315 waliolazwa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, kuanzia Machi 2020 hadi Machi 2021. Miongoni mwa wajawazito, maambukizi yaliongeza hatari ya kufia hospitalini takriban mara mbili.

Sasa tuingie katika zahanati ya kijijini, maana hapo ndipo hesabu inapopotea. Mimba ikikua husukuma kiwambo juu na kubana mapafu, huku mwili ukihitaji oksijeni nyingi kuliko kawaida. Damu nayo huwa nyepesi kuganda. Virusi vya korona hushambulia pande hizo hizo, na wakati mwingine huharibu kondo la nyuma hadi mtoto akakosa hewa akiwa tumboni. Mama huyu anafikaje mbele ya muuguzi? Anafika akiwa na presha ya juu, kichwa kinamuuma na miguu imevimba, au analalamika kwamba mtoto hachezi tena. Kwenye daftari huandikwa kifafa cha mimba, au mtoto amezaliwa mfu. Muuguzi hajakosea, ameandika alichokiona kwa vifaa alivyonavyo. Ila chanzo hakikuandikwa popote, na mwisho wa mwezi takwimu zinazopelekwa ngazi ya kaunti huonyesha kana kwamba korona haikupita kwenye wadi ya uzazi.

Nchini Marekani, ambako waliolazwa kujifungua waliweza kupimwa kwa wingi, uchambuzi wa uzazi zaidi ya milioni 1.2 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa wafu walikuwa asilimia 1.26 kwa mama wenye maambukizi na asilimia 0.64 kwa wasio nayo. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi wakati wa wimbi la Delta. Je, tofauti ya namna hiyo ingetambuliwa na kituo kinachozalisha akina mama ishirini kwa mwezi, bila kipimo hata kimoja? Hata kidogo.

Hapa Kenya tuna kielelezo cha jinsi ya kuuona ugonjwa usioonekana. Watafiti wa mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome walitumia damu iliyobaki katika kliniki za wajawazito kutafuta kingamwili. Katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Agosti 2020, karibu nusu ya sampuli zilikuwa nazo, ilhali mwezi huo ulipoisha taifa zima lilikuwa limethibitisha wagonjwa elfu 34 hivi. Hospitali ya Kaunti ya Kilifi ilikuwa na asilimia 1.3 tu mwezi Novemba. Tofauti hii inafundisha mambo mawili: hesabu rasmi ziliachwa mbali sana na maambukizi, na Nairobi haiwezi kusemea kaunti nyingine. Kitui, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilistahili kipimo chake. Makueni nayo hukatwa na barabara kuu ya Mombasa kupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi, ambako madereva wa masafa marefu hulala na kula. Haifai kudhaniwa kuwa sawa na jirani yake.

Wanaolaumu vikwazo wana hoja nzito. Kafyu ya kuanzia saa moja jioni ilianza tarehe 27 Machi 2020, na ingawa dharura ziliruhusiwa, si kila mwendesha bodaboda aliyekuwa tayari kukutana na polisi usiku akiwa na mama mwenye uchungu. Desemba mwaka huo wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma. Machi 2021 Machakos ilifungwa pamoja na Nairobi, na barabara za kawaida za kwenda Kenyatta kutoka Kitui na Makueni hupitia humo. Makueni ilikuwa na hospitali ya mama na mtoto mjini Wote tangu 2018, na kiwanda cha KICOTEC cha Kitui kilishona barakoa kwa wingi, jambo la kujivunia. Barakoa, hata hivyo, haimfikishi mgonjwa penye oksijeni. Ndiyo maana naona kosa kutenganisha vikwazo na virusi: mama aliyepungukiwa hewa kwa sababu ya maambukizi ndiye hasa aliyeumizwa zaidi na rufaa iliyochelewa.

Kwa watoto wachanga, hofu ilielekezwa mahali pasipo. Waliogunduliwa na virusi miongoni mwa waliozaliwa na mama wenye maambukizi walikuwa chini ya asilimia 2, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aendelee kunyonyesha na kumkumbatia mwanawe. Tishio kubwa lilikuwa kuzaliwa kabla ya wakati, na njiti huhitaji joto, maziwa ya mama na hewa, korona iwepo isiwepo.

Napendekeza kliniki za wajawazito za kaunti hizi zifanywe kituo cha kudumu cha ulinzi wa magonjwa ya mlipuko. Mama hutolewa damu hata hivyo, kwa ajili ya VVU, kaswende, kundi la damu na upungufu wa damu. Kiasi kinachobaki, kikiondolewa jina, kinatosha. Pingamizi la faragha lina uzito, lakini si geni: Kenya ilianza kufuatilia VVU kwa damu ya kliniki hizo hizo mwaka 1990, bila kuhusisha matokeo na mtu yeyote. Kilichobadilika ni virusi na mashine ya maabara. Sampuli za Kitui na Makueni za 2020 na 2021 hazikuhifadhiwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo mlipuko utakaofuata ndio utakaoweza kuchunguzwa kwa njia hii, iwapo friji na bajeti vitakuwapo kabla haujafika.