Kiraka Kikimezwa na Kimya

Wasee, kabla niache chuo nilituma kiraka changu cha kwanza kwa programu huria fulani. Kiraka ni mabadiliko unayoandika, halafu unaomba wenye programu wayaunganishe na kazi yao. Yangu ilikuwa mistari sita tu. Sikukubaliwa, sikukataliwa. Miezi miwili, kimya. Nikajiambia labda hii kazi si ya watu kama mimi.

Kumbe hata Linux ilipitia hapo.

Linus Torvalds aliianza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Kwa miaka mingi viraka vilimfikia kwa barua pepe, na neno la mwisho lilikuwa lake. Akikipenda, anakiunganisha. Akizidiwa, kinapotea. Tayari mwaka 1998 wenzake walikuwa wanalalamika wazi: mradi umekua, mtu mmoja hatoshi. Januari 2002 Rob Landley akapendekeza awekwe mtu wa kukusanya viraka vinavyopotea. Linus akakataa. Yeye anafanya kazi na watu wachache anaowaamini, nao wana watu wao wanaowaamini. Kwa hivyo usimkimbilie mkubwa, anza na aliye karibu na kazi yako.

Mwaka huo huo akaanza kutumia BitKeeper kupanga viraka. Kazi ikaenda mbio, lakini ugomvi ukazuka: BitKeeper ilikuwa mali ya kampuni, na programu huria inategemeaje kitu chenye kufuli? Waliouliza hivyo hawakuwa wanapiga kelele bure. 2005 Andrew Tridgell alianza kuunda programu ya kuzungumza na BitKeeper, na mwenye kampuni akaondoa ruhusa ya kuitumia bure.

Aprili 2005 Linus akakaa chini akaandika Git. Kufikia Juni, toleo la 2.6.12 la Linux lilitoka likiwa limesimamiwa na Git. Ndiyo hiyo hiyo unatumia leo ukipandisha kazi yako GitHub.

Lakini tusidanganyane. Git inakuonyesha mahali mabadiliko mawili yamegongana. Nani ako sawa, haisemi. Hiyo ni kazi ya watu, na watu wana midomo. Linus mwenyewe alijulikana kwa barua za matusi kwa watu ambao viraka vyao vilimkera. Septemba 2018 aliomba msamaha, akapumzika kwa muda, na mradi ukapata kanuni mpya za maadili.

Mimi naona hivi: kukataa kiraka si ubaya. Mradi unaokubali kila kitu utaoza. Ubaya ni kumkataa mtu bila sababu, ama kumwacha akingoja kimya kisichoisha. Matusi yanafukuza mtu na kelele. Kimya kinamfukuza na hakuna anayejua alikuwepo.

Mimi nilirudi. Safari hii nilitafuta ni nani anasimamia ile sehemu niliyogusa, nikamwandikia yeye moja kwa moja. Akanijibu kwa sentensi mbili: hapana, kwa sababu ingeharibu programu kwa simu za zamani. Na alikuwa sawa, hiyo sikuwa nimeifikiria. Maze, sijawahi kufurahia "hapana" kama hiyo. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeandika kingine.

Na wewe, kuna kiraka ulituma ukakata tamaa? Kitume tena.