Mti Ulioletwa na Wageni



Nimeombwa niandike juu ya mambo ambayo wazazi wanaweza kuyafanya na watoto wakati wa Krismasi bila ya kutumia fedha nyingi. Nitaeleza moja tu, pamoja na historia yake, maana wengi wetu tumeliona kwa macho bila ya kujua lilikotoka.

Krismasi yetu ya kwanza hapa Uingereza ilikuwa ya mwaka 1976. Tulikuwa watu watano katika vyumba viwili vya kupanga, kusini ya London, na mshahara ulikwisha kwa kodi na kwa ile mita ya gesi iliyokuwa ikila sarafu usiku kucha. Binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka saba, alirudi kutoka shule akauliza, "Baba, mbona sisi hatuna mti?" Kwetu Tanga hakuna aliyeuliza hivyo, Desemba ikifika mikrismasi huchanua maua mekundu njiani, wala haina bei. Nilikosa jibu. Mama yao akasema, "Mti wetu upo. Jumamosi tutakwenda kuutazama."

Tukapanda basi mpaka Trafalgar Square. Mti ulikuwa umesimama pale, mrefu kupita mita 20, taa zimeteremka wima toka kileleni hadi chini. Kwaya ilikuwa ikiimba na kuchangisha fedha kwa ajili ya wenye shida. Ukafika wimbo ambao watoto waliujua, na binti yangu akauimba kwa Kiswahili, kwa sauti yake yote. Nilitaka kumnyamazisha kwa haya ya ugeni. Mama yake akanishika mkono.

Chini ya mti pana maandishi, nami nikayasoma. Hapo ndipo nilipojua kwamba mti ule ni shukrani ya wageni.

Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Norway. Mfalme Haakon wa Saba alikataa kusalimu amri. Akarudi nyuma mpaka kaskazini, na mwezi wa Juni akavuka bahari pamoja na serikali yake, wakapokewa London. Kwa miaka mitano mfalme yule aliishi hapa kama mkimbizi, akizungumza na watu wake kwa redio ya BBC. Alirudi kwao tarehe 7 Juni 1945. Tangu mwaka 1947 mji wa Oslo umekuwa ukiwaletea watu wa London mti kutoka misitu yake kila Krismasi, na mpaka leo unaletwa.

Wala desturi yenyewe ya mti si ya Waingereza wa asili. Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu, alizaliwa Ujerumani. Mwaka 1800 alisimamisha mti huko Windsor kwa karamu ya watoto. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News likachapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, naye Mjerumani, wakiwa na watoto wao kando ya mti. Ndipo watu wengi wakaiga. Basi kitu kile nilichokionea haya kwa kukikosa kililetwa na watu waliotoka nje kama sisi. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka uliofuata nilijitia ukubwa. Nikachukua dukani gari-moshi la umeme, la kulipa kidogo kidogo. Lilikufa kabla ya Januari kwisha. Deni lilikwisha Juni. Leo watoto wangu ni watu wazima na hakuna anayelikumbuka gari-moshi lile. Lakini kila Desemba huniuliza, "Baba, tunakwenda lini mtini?" Sasa wanawapeleka wajukuu.

Kwa jamaa watakaopenda kufanya hivyo: nendeni kabla ya tarehe 6 Januari, maana baada ya hapo mti huwa umekwisha kuondolewa. Msichague tarehe 25 Desemba, kwani siku hiyo mabasi na treni za London hazitembei. Chukueni chai katika chupa na mandazi ya nyumbani. Ndani ya basi, wasimulieni watoto habari za mfalme mkimbizi. Mkirudi, wakateni karatasi za magazeti wafanye minyororo ya kupamba ukuta. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Na wakitaka kuimba kwa Kiswahili mbele za watu, waacheni waimbe.

Nawatakieni nyote, wakubwa kwa wadogo, Krismasi njema na Mwaka Mpya wa heri.