Kiitikio Kinachomshitaki Msikilizaji

Uchambuzi wetu wa nyimbo za kizazi kipya bado umefungwa na karatasi. Mchambuzi huyanakili maneno, akaorodhesha dhamira na tamathali za semi, akahitimisha. Muziki wenyewe huachwa nje kama pambo. Kwa njia hiyo tunapoteza nusu ya maana, na mara nyingine ndiyo nusu iliyo kali zaidi.

Chukua "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, msanii wa Tanzania, iliyomo katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu (2001). Albamu ilitoka uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi nchini ukiwa umefanyika karibuni tu, Oktoba 2000. Msanii anaghani kama mgombea jukwaani, tena kwa jina lake halisi, Joseph Haule, jina ambalo mwaka 2015 wapiga kura wa jimbo la Mikumi walilichagua kweli kuwa la mbunge wao. Anamwaga ahadi: dawa tele hospitalini, mabomba yatakayotoa maji na maziwa, wanafunzi kufanyia masomo ya vitendo mwezini. Kila anapotua, umati unaitikia kwa maneno mawili yaliyo jina la wimbo.

Kwenye karatasi, hiyo ni takriri, na tumezoea kuandika kwamba takriri "inasisitiza ujumbe". Sikio linapata jambo jingine. Ahadi zinapanda hadi kuvuka mpaka wa akili, ilhali jibu halipandi wala halishuki. Dawa na safari ya mwezini vinapokewa kwa shauku moja. Umati haupimi kitu, na ushahidi wa hilo hautajwi katika ubeti wowote. Umo katika kule kutobadilika kwa kiitikio.

Muundo huo umetoka kwenye mkutano wa hadhara, ambako kiongozi hutaja chama na watu wakajibu "oyee" kabla hajasema lolote. Professor Jay hakuukosoa kwa hoja. Aliugeuza kibwagizo chepesi, kinachonasa mara moja, na wepesi huo ndio mtego: shabiki akishaitikia ukumbini, amejiunga na umati unaodanganywa.

Mtu atasema kiitikio kifupi ni desturi ya muziki huu, si ubunifu. Ni desturi, sikatai. Lakini katika nyimbo nyingi kiitikio hakina mwenyewe, ni sauti tu ya wimbo. Hapa kina wenyewe, nao ni wapiga kura.

Mwanamuziki Remmy Ongala alipita njia nyingine katika wimbo wake "Kifo". Maneno yanaomboleza, magitaa ya bendi yake, Super Matimila, yanaita watu wacheze, na mchezaji anajikuta katikati ya uwanja akiwakumbuka marehemu wake. Kwa Remmy muziki unabishana na maneno. Kwa Professor Jay unatenda kile ambacho maneno hayathubutu kukisema waziwazi: kwamba mwongo wa jukwaani hujengwa na wanaomwitikia.