Nyumba ya bibi Kariakoo na huyu mbia

Wadau, nimepotea kidogo, si mnajua mambo ya mazoezi ya kufundisha. Wikiendi nilikuwa Kariakoo kwa bibi, nikakuta kikao cha familia. Kuna mwekezaji anataka nyumba ivunjwe, lisimame ghorofa. Yeye anatoa hela, sisi kiwanja, halafu tunagawana: familia fremu mbili za chini na flati tatu, zinazobaki zake. Baba mdogo alishashika kalamu!

Mimi mtu wa Historia nikajiuliza, hivi kiwanja chenyewe tumebaki nacho vipi? Jina Kariakoo (nyie wa Jiografia mnisamehe) limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye vita vya kwanza. Nyumba ya bibi ni ile ya Kiswahili mnayoijua: korido katikati, vyumba sita, uani jiko na choo. Alikaa chumba kimoja na wanawe, vitano akapangisha. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, maghorofa ya mjini yakachukuliwa, ya bibi hata haikukaribia kiwango hicho. Yaani unyonge wa nyumba ndio ulioiokoa! Halafu ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, biashara ikafunguka, na ardhi chini ya ule udongo ikawa dhahabu. Majirani wakaanza kuingia ubia, mmoja mmoja.

Kasheshe iko kwenye karatasi. Zamani kiwanja kimoja hati moja, kwa hiyo flati yako ya ghorofa ya nne ilikuwa yako kwa makubaliano tu. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008 ndiyo iliyoweka utaratibu wa kila sehemu kuwa na hati yake, huku ngazi, paa na ardhi vikiwa vya wote.

Basi mkataba wa baba mdogo nimeusoma mara mbili. Unasema hati ya kiwanja ihamie kwa mwekezaji ili achukulie mkopo benki. Hati za flati zetu hazijatajwa popote. Wala haujasema ujenzi ukikwama ghorofa ya pili nani atamlipia bibi kodi huko atakakohamia.

Nikamsomea bibi yote. Akauliza kitu kimoja tu: "Na hizo ngazi nitazipandaje, mume wangu?"

Hilo nalo halimo. Baba mdogo kaninunia, na Jumamosi kikao kinaendelea.