Kisa cha Ujiji na Kusadikika Kwake

Mji wa Ujiji, ulio kando ya Ziwa Tanganyika, umejulikana katika sinema na televisheni kwa sababu ya tukio moja: kukutana kwa Henry Morton Stanley na Dkt. David Livingstone mwaka 1871. Filamu ya Marekani ya mwaka 1939, ambamo Spencer Tracy aliigiza Stanley, ilisimulia kisa hicho. Na mwaka 1997 kikatengenezewa filamu ya televisheni, Aidan Quinn akiwa Stanley na Nigel Hawthorne akiwa Livingstone. Yafaa kupima ni sehemu zipi za kisa hiki zenye kusadikika, na ni zipi zilizotiwa chumvi. Maana kipimo hicho chafaa pia kwa michezo ya televisheni inayohusu uhalifu na mambo ya jamaa.

Uhalifu ulikuwamo katika kisa chenyewe. Livingstone alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, akitoka Manyema hali amedhoofika, alikuta mali aliyopelekewa imekwisha kuuzwa na Sherif, mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Katika yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga hakikusalia kitu. Sherif alidai kuwa alitazamia kwa Msahafu, akaona mwenye mali amekufa. Mtungaji wa mchezo angemfanya mtu huyu atoroke usiku, au apige magoti na kulia. Livingstone aliandika mengine: Sherif alikuja kumpa mkono, na aliponyimwa akachukizwa, kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa, kisha akawa akija mara mbili kwa siku na salamu zake za heri. Jambo kama hilo ni gumu kubuniwa, na kwa hiyo lasadikika.

Salamu mashuhuri ya Stanley ina hali nyingine. Livingstone hakuiandika katika daftari lake. Alichoandika ni kwamba Susi, mtumishi wake, alikuja mbio kumpasha habari za mgeni. Katika daftari la Stanley kurasa za mkutano ule zimechanwa. Hata tarehe hazipatani: Stanley alitaja 10 Novemba, na hesabu ya Livingstone yaangukia mwishoni mwa Oktoba.

Stanley aliporudi Uingereza mwaka 1872, wengine walimshuku kuwa mwongo, na kwamba barua alizoleta ni za kughushi. Shaka hiyo ilipunguzwa na ushahidi wa jamaa: mwezi wa Agosti, Tom, mwanawe Livingstone, alithibitisha kwamba mwandiko ule ni wa baba yake. Filamu ya 1939 haikuridhika na jambo la kimya kama hilo. Ilimbunia Stanley mapenzi. Kisha ikaonyesha wakuu wakimkataa hadharani, mara ikafika habari ya kifo cha Livingstone na kumwokoa na fedheha. Lakini Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, miezi kadhaa baada ya mwanawe kuutambua mwandiko.

Mtazamaji hakatai machozi wala wizi, kwani yote mawili hutokea duniani. Hushuku anapoona jambo linafika kwa wakati ule hasa mtungaji anaouhitaji. Ujiji palikuwa na mwizi aliyechukizwa kwa kunyimwa mkono, na Uingereza palikuwa na mtoto aliyeujua mwandiko wa baba yake. Kwa mwenye kutafuta kusadikiwa, hayo yalitosha.